Kuitembeza ndege ndogo uwanjani Dar bila kugonga kitu

Nilikiokota kioo kile vipande vitatu kwenye lami ya maegesho. Kilikuwa kioo chekundu cha taa ya ncha ya bawa la kushoto, hakizidi yai la kuku. Ndege ilikuwa Cessna 206, abiria wanne wa Mafia wameshafunga mikanda, na nilichogonga hakikuwa ndege wala gari. Ilikuwa ngazi ya kujazia mafuta, aliyeitumia kaiacha imesimama kando ya ndege ya jirani. Mwendo wangu ulikuwa wa mtu anayetembea. Macho yangu yalikuwa chini, nabadilisha masafa ya redio. Safari ilivunjika, abiria wakashuka, na ndege ikalala siku mbili ikikaguliwa, maana bawa likishagongwa hata kidogo fundi hakwambii "haina neno" mpaka afungue na kutazama ndani.

Tangu siku ile, kila mwanafunzi ninayekaa naye kiti cha pembeni namwambia jambo moja kabla ya mengine. Angani huwezi kusimama, ukisimama unaanguka. Ardhini unaweza. Rubani anayeanza huja chini na akili ya angani: anahisi lazima ndege iendelee kwenda, lazima asimcheleweshe aliye nyuma, lazima mnara wa kuongozea ndege usimwone mzembe. Hivyo anaendelea kusogea huku hajui bawa litapita au halitapita, huku hajui kiungio hiki, yaani njia ya kutembelea kati ya maegesho na barabara ya kurukia, ndicho au sicho. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya neno moja: ukiwa na shaka, kanyaga breki, simama, ndipo ufikiri.

Hatua ya 1: Kague ndege yako, kisha kague ya jirani

Sote tunafundishwa kuizunguka ndege kabla ya kuruka: mafuta, oili, matairi, mabawa. Ongeza mzunguko wa pili, mpana zaidi, usiogusa ndege yako kabisa. Tembea njia utakayoipita kutoka ulipoegesha hadi kwenye mstari wa njano wa kufuata. Tafuta ngazi, koni, choki (kabari za magurudumu) zilizosahauliwa, tela la mizigo, boza la mafuta, kamba za kufungia ndege. Ukiona kitu kilicho karibu na njia yako, kiondoe au muombe mwenyewe akiondoe, usijiambie kwamba utakikwepa. Ukiwa umekaa ndani, panga la injini linazunguka na abiria wanazungumza, hutakikumbuka.

Mtazame pia jirani aliye hai. Ndege yenye taa nyekundu inayomweka injini yake inawaka au iko karibu kuwashwa. Ikiwa hakuna nafasi ya ninyi wawili kutoka pamoja, subiri atoke.

Kisha fungua ramani ya kiwanja. Pale uwanja wa Julius Nyerere barabara kuu ya kurukia ni 05/23 (tarakimu hizo ni uelekeo wa ncha zake mbili), yenye urefu wa mita 3,000, na ndege zetu ndogo hushughulikia abiria upande wa Jengo la Kwanza, lile la zamani, wakati ndege kubwa za nje ziko Jengo la Tatu lililofunguliwa mwaka 2019. Soma matangazo ya siku kwa marubani ujue kiungio gani kimefungwa na wapi wanatengeneza lami. Chora kwa penseli njia unayotarajia kupewa. Mnara ukikupa nyingine, utajua papo hapo kwamba imebadilika, na kujua huko ndiko kunakokuokoa.

Hatua ya 2: Ujue upana wako kwa macho

Kila rubani anaijua tarakimu. Cessna 172 ina mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Cessna Caravan inakaribia mita 16, yaani karibu mita 8 kila upande wa pua. Ila tarakimu haikusaidii pale unapokiona kidirisha cha boza mbele kushoto na una sekunde tatu za kuamua. Unahitaji jicho lililofunzwa, na jicho hufunzwa hivi.

Egesha mahali pa wazi, injini imezimwa, funguo mfukoni. Kaa kwenye kiti chako na ukirekebishe kama unavyokaa siku zote, maana kiti kikishuka inchi mbili picha yote inabadilika. Mwenzako asimame chini ya ncha ya bawa la kushoto, kisha atembee mbele, sambamba na pua ya ndege, hatua ishirini. Hapo aweke koni. Sasa itazame koni ile kupitia kioo. Iko wapi ukiilinganisha na nguzo ya dirisha? Iko wapi ukiilinganisha na ukingo wa dashibodi? Tulia nayo dakika nzima. Chochote utakachokiona siku nyingine kwenye umbali uleule, ndani ya koni ile, upande wa pua, bawa litakigonga. Kilicho nje yake, kwa umbali huohuo, kitapita.

Rudia upande wa kulia, na hapo ndipo wengi hushangaa. Kwa kuwa unakaa kushoto, koni ya kulia haionekani pale ulipodhani. Nimewaona marubani wa miaka mingi wakikosea upande ule kwa zaidi ya mita moja.

Kwa ndege yenye mabawa ya juu kuna udanganyifu mwingine. Bawa la Cessna laweza kupita juu ya boneti ya gari dogo bila shida. Siku moja utapita hivyo, siku ya pili utapita, siku ya tatu gari ni boza au ni pikapu yenye mtu amesimama nyuma. Usijenge mazoea ya kupitisha bawa juu ya kitu chochote.

Kivuli nacho kina habari yake. Dar iko nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita na ushei mchana linakaa juu ya utosi. Kivuli cha bawa kinalala chini ya bawa lenyewe, na unaona kwa usahihi kabisa ncha inapopita juu ya lami. Siku hizo toka na wanafunzi, wajifunze. Lakini saa mbili asubuhi kivuli hichohicho ni mwongo: jua liko chini mashariki na kivuli kimelala mita kadhaa magharibi ya bawa. Niliwahi kumshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akikitazama kivuli kinapita vizuri pembeni ya tela, wakati bawa lenyewe, upande mwingine, lilikuwa limeelekea kwenye kioo cha ndege ya mwenziwe.

Usisahau mkia. Ukikata kona kali, pua inakwenda kulia na mkia unafagia kushoto. Nafasi uliyoipima kwa mabawa peke yake haitoshi.

Hatua ya 3: Washa, sogea kidogo, jaribu breki

Washa taa nyekundu ya kumweka kabla ya injini, ili walio nje wajue. Fungua kidirisha na upaze sauti kuwaonya, halafu tazama kushoto, mbele, kulia. Kupaza sauti bila kutazama ni mazoea tu.

Ndege ikisogea mita moja au mbili, kanyaga breki. Kanyaga ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, kisha zote. Ikiwa kuna iliyolegea, uko bado mahali pako na hakuna aliyeumia. Wengine huona aibu ndege ikiinamisha pua mbele ya abiria. Bora waulize kuna nini.

Kwenye 172, pedali hugeuza gurudumu la mbele nyuzi kama 10 tu kila upande. Kwa msaada wa breki ya upande mmoja hufika kama 30. Maana yake ni kwamba kona ambayo ukiwa na gari ungeikata bila kufikiri, ndege haiwezi. Ukiona kona haitoshi, usiongeze moto, yaani nguvu ya injini, ukitumaini itajigeuza. Simama, zima, shuka, isukumeni kwa mikono au kwa fimbo ya kuvutia.

Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka kidogo, na karibu na ndege nyingine uwe wa mtu anayetembea polepole. Ukikuta unakanyaga breki kila mara, kosa liko kwenye moto wa injini: upunguze.

Mahali pakibana, omba mtu atembee kwenye ncha ya bawa. Tunawajua makonda wa daladala pale Gongo la Mboto wanaporudisha gari nyuma, wanapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, simama! Ndicho unachohitaji, isipokuwa mtu wako hawezi kusikika juu ya injini wala hapaswi kukaribia panga. Kubalianeni ishara za mikono kabla ya kuwasha, akae pale unapomwona, na akitoweka machoni pako hata kwa sekunde moja, simama.

Hatua ya 4: Lisikie agizo, liandike, lirudie

Redio ya mnara wetu huongewa Kiingereza, na maneno yenyewe ni mafupi. Liandike agizo kwenye karatasi ya pajani. Lirudie lote pamoja na jina lako la redio, hasa pale unapoambiwa usimame kabla ya barabara ya kurukia. Agizo hilo mwongoza ndege hawezi kuliacha bila kusikia umelirudia. Usijibu "roja" (nimepokea) ukadhani yametosha.

Naomba hapa unisikilize kwa makini, maana sisi wa ndege ndogo hujidhania hatuwezi kuleta msiba mkubwa. Tarehe 8 Oktoba 2001, kwenye uwanja wa Linate mjini Milano, ndege ndogo ya aina ya Cessna Citation ilitakiwa kupita kiungio kiitwacho R5. Kulikuwa na ukungu mzito. Ikapita R6, ikaingia kwenye barabara ya kurukia wakati ndege ya abiria aina ya MD-87 inaruka. Walikufa watu 118. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa ni ya kwanza kwenye foleni na isogee hadi mahali pa kusubiri. Ikaingia barabarani, na Airbus A350 ikaitulia mgongoni. Watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai, lakini watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walifariki.

Kwa hiyo zijue alama kama unavyojua jina lako. Mistari ya viungio ni ya njano, ya barabara ya kurukia ni nyeupe. Mahali pa kusubiri kuna mistari minne ya njano inayokata njia yako: miwili mizima, miwili ya vipandevipande. Ukiikuta mizima kwanza, simama, huna ruhusa ya kuvuka mpaka mnara ukupe. Ukikuta vipandevipande kwanza, unatoka barabarani, vuka. Bango jekundu lenye maandishi meupe linakukataza. Bango jeusi lenye herufi za njano linakuambia ulipo. La njano lenye herufi nyeusi linakuonyesha njia zinaelekea wapi.

Hata ukiwa na ruhusa ya kuvuka, tazama kushoto na kulia mpaka mwisho wa lami, kisha tazama juu, kwenye njia ya anayekuja kutua. Sema kwa sauti ndani ya chumba cha rubani: kushoto peupe, kulia peupe. Ukiwa peke yako, sema vilevile.

Ukipotea, usitafute njia kimyakimya. Ikiwa hujaingia kwenye barabara ya kurukia, simama hapo ulipo na uwaambie. Ikiwa umeshaingia, toka kwanza upesi, ndipo useme. Sijawahi kumsikia mwongoza ndege akimkaripia mtu aliyesema "sina uhakika nilipo".

Hatua ya 5: Mkikutana

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zimeweka jambo hili wazi. Mkija uso kwa uso, kila mmoja asimame, au ikiwezekana aelekee kulia kwake akiacha nafasi ya kutosha. Njia zenu zikikatana, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha. Anayepitwa ana haki ya njia. Anayepita ndiye mwenye kukaa mbali. Na kwenye maegesho, hata kama mnara umekuruhusu kutembea, kutogongana na kilicho mbele yako ni kazi yako wewe. Mnara haulioni bawa lako likiwa sentimita thelathini kutoka kwenye ngazi.

Nyuma ya ndege kubwa ni hatari ya aina yake. Cessna 172 iliyojaa haifiki kilo 1,200. Boeing 787 inapoanza kusogea, hewa ya injini zake inaweza kuinua bawa lako au kukusukuma juu ya mwenzako bila hata kugusana. Ukiona taa yake inamweka, kaa mbali, subiri iondoke, uliza mnara ikiwa hujui itageuka upande gani. Upepo wa kawaida nao, wa kaskazi au wa kusi, unataka usukani ushikwe ipasavyo unapotembea, usiuachie.

Hatua ya 6: Macho nje

Ngazi yangu nimeshaisimulia. Sheria niliyojiwekea baada yake ni kwamba kazi yoyote inayohitaji macho kuingia ndani inafanywa ndege ikiwa imesimama na breki imekanyagwa. Kubadilisha masafa, kuandika agizo, kuweka njia kwenye kifaa cha GPS, kusoma cheklisti, kuvuta ramani kwenye tableti. Vyote. Abiria nao waambie kabla ya kuwasha: "Wapendwa, tukianza kutembea nitanyamaza mpaka tuwe angani. Mkiona kitu karibu na bawa, niambieni mara moja." Watu wanapenda kupewa kazi hiyo, na aliyekaa dirishani anaona ncha ya bawa vizuri kuliko wewe. Mama mmoja wa Kilindoni aliwahi kunisimamisha kwa neno moja, "Baba, koni!", na kweli ilikuwepo.

Wakati wa masika lami ikilowa hung'aa, na rangi ya njano inapotea chini ya maji, hasa taa zikiipiga usiku. Kioo nacho hufanya ukungu kwa ndani. Kipanguse kabla ya kusogea. Mwezi wa Juni, jua la alfajiri linachomoza karibu na uelekeo wa 05, kwa hiyo ukitembea kuelekea kaskazini-mashariki linakupiga karibu usoni. Punguza mwendo nusu, na usipoona mstari, usisogee.

Hatua ya 7: Kitu kikikataa

Breki zikizama na ndege haisimami: ondoa moto wote, vuta kitasa chekundu cha mafuta injini izimike, na tumia pedali kuielekeza ndege kwenye majani au mahali patupu. Panga lililosimama linaharibu kidogo. Panga linalozunguka linaua. Usijali bei ya ndege wakati huo.

Redio ikikatika, simama na utazame mnara. Taa ya kijani inayomweka inakuruhusu kutembea. Ya kijani isiyomweka ni ruhusa ya kuruka, na kama huna redio sioni kwa nini uitumie. Nyekundu isiyomweka, simama. Nyekundu inayomweka, ondoka kwenye eneo la kutulia ndege. Nyeupe inayomweka, rudi ulikoanzia.

Hatua ya 8: Kurudi na kuegesha

Ajali nyingi ndogondogo hutokea safari ikiwa "imekwisha" kichwani mwa rubani. Umetua vizuri, umechoka, unafikiria foleni ya barabara ya Nyerere. Toka kwenye barabara ya kurukia, uvuke ile mistari minne mpaka mkia nao uwe umevuka, ndipo usimame na kukunja flapu za mabawa, kuzima hiki na kile. Usifanye hayo ukiwa unatembea.

Mwelekezaji aliyevaa kizibao cha rifleka akikuita kwa mikono, mfuate, lakini bawa ni lako. Akikuita mahali usipoamini patatosha, simama, zima, ingieni kwa kusukuma. Atakuelewa, na asipokuelewa si kitu.

Ukishafika, zima injini na usubiri panga lisimame kabisa. Panga linalozunguka halionekani, na abiria anayeshuka na begi begani, simu sikioni, anaweza kulitembelea moja kwa moja. Usikubali kamwe kushusha au kupakia mtu injini ikiwaka, hata akiwa na haraka ya boti ya Zanzibar. Mlango ufunguliwe na wewe au na mtu wa ardhini, abiria wapitishwe nyuma ya bawa, mbali na pua, wote kwa upande mmoja.

Kisha weka choki mbele na nyuma ya gurudumu, funga kamba, na kabla hujaondoka geuka utazame ndege zilizo pembeni yako. Ukikuta ngazi imeachwa imesimama, irudishe mahali pake.